Ukurasa wa Ukikwama

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimepata! Nimepata, nimepata, nimepata!

Kazi ya kuandika. Siyo ya kuwachapia watu barua za maombi pale steshenari, siyo kadi za harusi — ya kuandika mwenyewe, kutoka kichwani mwangu! Nataka nikumbuke ilivyokuwa. Asubuhi kaja Alen na flashi yake, anataka nimprintie maelekezo ya mfumo wake. Alen ni programa, kijana wa Korogwe, tangu apande huku Lushoto hajawahi kuvua jaketi. Chama cha ushirika kimempa kazi ya kutengeneza mfumo wa kompyuta wa kupokelea mboga kituo cha Lukozi. Kauita Tenga. Jina zuri, hapo nampa maksi zake. Basi printa inatema karatasi na mimi nasoma. Mstari wa kwanza kabisa: "Mtumiaji ataanzisha sesheni kwa kuingiza kredensho halali." Nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

Kauliza nacheka nini. Nikamwambia, kaka, huyu mtumiaji wako ni nani? Mtumiaji ni mtumiaji, kasema. Nikamwambia hapana, mtumiaji wa Lukozi ana jina, anaitwa Mama Klara, na akiisoma hii atadhani ni maelekezo ya dawa ya ukungu wa viazi.

Kazisoma upya karatasi zake, moja moja, huku masikio yamemwiva. Halafu kasema: basi andika wewe, mradi Mwenyekiti akubali.

Na Mwenyekiti kakubali! Kwa simu, hapo hapo! Mzee Sharifu, mwenyekiti wa chama, mtu ambaye hata kununua ufagio lazima aitishe kikao! Mwongozo wa Mtumiaji, umeandikwa na Jenoveva Shekiondo. Nimeliandika jina kwenye karatasi ya taka nione linavyokaa. Linakaa vizuri sana.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimeanza. Nilidhani ni kazi rahisi. Unaandika bonyeza hapa, bonyeza pale, kwisha. Weee!

Sentensi ya kwanza: "Washa kompyuta." Nikaridhika. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikajiuliza, anawashia wapi? Kitufe cha kuwashia laptop ya kituo kiko pembeni, kimejificha kama kupe. Nikaandika kiko wapi. Halafu — anakibonyeza na kukiachia, au anakishikilia? Na taa ikiwaka ya rangi ya machungwa badala ya kijani je? Mchana mzima umeishia kwenye kuwasha kompyuta! Ukurasa mzima umejaa na bado hatujaona mboga hata moja.

Lakini jamani, ni raha! Ni kama kumwelekeza mgeni kwa simu njia ya kwenu. Wewe unaiona njia yote, yeye haoni hata mti. Inabidi utoke kichwani mwako ukakae kichwani mwake. Alen hawezi. Kila nikimuuliza "hapa anafanyaje?" anajibu "si inajionyesha yenyewe?" Haijionyeshi, Alen! Inakuonyesha wewe uliyeitengeneza!

Jumatano, 16 Julai

Nimepanda Lukozi na rasimu yangu. Nyumbani. Ukungu, matope, harufu ya karoti zinazooshwa. Mama Klara nimemkuta kwenye kiti chake kile kile. Ni karani wa mapokezi tangu kituo kikiwa banda la mabati, na sauti yake unaisikia kabla hujaliona paa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza ya Lushoto, ya nyumbani, ya kikohozi cha baba, ya mbuzi wetu aliyezaa. Ndipo nikamwekea karatasi mezani.

Kavaa miwani yake ya kanisani. Kasoma. Kageuza karatasi akaangalia nyuma, kama kuna kitu kimeanguka. Halafu kanitazama.

"Mbona kitabu chako hakisalimii?"

Nikamwambia mama, ni maelekezo tu. Kasema ameyaona. Washa, bonyeza, andika, subiri — mtu hujamwamkia, umeshamtuma! Kasema wajukuu zake wakitaka uji wanaamkia kwanza, sembuse karatasi. Nimecheka, lakini nimeandika pembeni: salamu. Ana haki yake.

Halafu jaribio, kwenye laptop ya kituo. Nimejiapiza kutosema neno, maana kitabu kikishafika kituoni mimi sitakuwepo. Mama Klara kaenda vizuri, kidole kwenye mstari, mstari kwa mstari, mpaka "Bonyeza Hifadhi. Subiri." Kabonyeza. Kakunja mikono mapajani. Kasubiri. Mfumo ulishamaliza zamani, uko pale unamwangalia, na yeye anauangalia. Ukungu umeingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Mimi nimeuma ulimi. Mwishowe kauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Jeni, nimeuharibu?"

Hajaharibu kitu! Mimi ndiye niliyemwambia asubiri nisiseme anasubiri nini. Lakini yeye alikuwa keshalibeba kosa, kalikumbatia kabisa. Kaniambia, mwanangu, vitu hivi vikigoma mtu unaona aibu kuita, utaonekana mjinga mbele ya watoto. Imeniuma sana hiyo. Imeniuma mpaka stendi.

Lakini kwenye gari nikapata wazo! Ukurasa wa mwisho. Maandishi makubwa, asiyasome kwa kukunja uso. UKIKWAMA. "Usibonyeze kitu. Rudi juu ya ukurasa, usome tena taratibu. Ukiona kitabu kinataja kitu na skrini haina kitu hicho, kosa si lako. Ni letu. Mpigie aliyeandika." Halafu namba yangu ya simu. Kwa nini isiwe? Si mimi niliyeandika!

Alhamisi, 17 Julai

Alen kauona ukurasa wa UKIKWAMA. Kasema dunia nzima hakuna mwongozo wenye namba ya simu ya mtu. Nimemwambia basi dunia nzima imekosa.

Salamu nayo nimeweka, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: "Shikamoo mama. Pole na kazi." Alen anauliza, na akisoma mtu mdogo je? Nikamjibu, aitikie tu, atajisikia mkubwa siku hiyo.

Nakala ya kwanza imepanda Lukozi na gari la jioni. Kesho mfumo unaanza kazi.

Ijumaa, 18 Julai

Mungu wangu wee!

Sikwenda. Alen kasema hakuna haja, mwongozo upo. Mchana simu inaita, namba ya Mussa. Mussa ni bodaboda wa Lukozi, tulisoma naye. Anacheka mpaka hasikiki. "Dada Jeni, nipongeze! Nimekuwa mkulima mkubwa wa Usambara nzima!"

Anasema tangu asubuhi simu yake inaingiza meseji za chama. Ndugu Mussa, kabichi zako zimepokelewa. Ndugu Mussa, viazi vyako vimepokelewa. Karoti zako. Hoho zako. Asante kwa kulima nasi! Mussa huyo, ambaye hana hata shina la mchicha!

Nikaelewa hapo hapo. Nikakaa chini, kwenye boksi la karatasi.

Huku kwetu nani anapeleka mzigo mwenyewe? Shamba liko bondeni, barabara iko kule juu. Unafunga gunia lako kwa kitambaa cha kwenu, unalipandisha mpaka kando ya njia, unarudi kwenye palizi. Mussa anapita anakusanya. Kituoni wanaangalia kitambaa, wanajua nyumba. Cha kwetu ni kijani, kanga ya zamani ya mama iliyochanwachanwa, tangu sijazaliwa. Hata mtoto mdogo anajua vitambaa. NINAJUA! Nimekua nikivifunga kwa mikono hii! Na nimeandika nini kwenye mwongozo? "Muulize aliyeleta mzigo jina lake."

Basi Mama Klara kamuuliza. Mwenyekiti alimwambia afuate kitabu neno kwa neno, asiongeze wala asipunguze, naye kafuata. Mussa ananisimulia: katua magunia, Mama Klara kavaa miwani, kanyoosha mgongo, kamwambia, "Jina lako nani?" Mussa akasema mama, umenisahau? Si mimi Mussa, jana umenipa maparachichi? Mama Klara kasema, "Kitabu kimesema nikuulize, nimekuuliza. Jibu." Akajibu. Gunia la kwanza, jina lako nani. Gunia la pili, jina lako nani. Safari zote za leo!

Nimecheka, halafu nikataka kulia. Wenye mboga zao, hata mmoja hajapata meseji.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda Lukozi asubuhi na mapema. Kituo kimejaa akina mama. Kabichi zetu ziko wapi? Mbona Mussa ndiye kashukuriwa? Mama Klara yuko kwenye kiti chake, kimya. Mama Klara, kimya!

Mzee Sharifu si mtu mbaya. Niandike hilo kwanza, maana nimemkasirikia. Usiku kucha kapigiwa simu na kila nyumba, na wanunuzi wa Tanga wamemuuliza huyu Mussa ni nani mwenye mboga zote. Kaona aibu. Kasema Klara tunamshukuru, katumika vizuri, lakini mambo yamebadilika. Yuko binti mmoja Tanga kasomea kompyuta, ataletwa akae pale.

Nikasimama. Nikasema shikamoo Mwenyekiti, samahani, kosa ni la kitabu. Mama kafanya nilichoandika. Nilichoandika ndicho kibovu.

Mwenyekiti kasema, sawa. Unasema kitabu ndicho mwalimu? Kirekebishe, kifundishe. Ijumaa ijayo, mbele ya kamati yote, Klara atapokea mizigo kwa kitabu hicho peke yake. Hakuna wa kumsemesha, hakuna wa kumwonyesha kwa kidole, hata kukohoa. Akiweza, kiti ni chake. Asipoweza, binti anaanza Jumatatu.

Nje Mama Klara kanishika mkono. Kasema nikitoka pale, Jeni, nitakaa nyumbani niwasemeshe kuku. Nimemwambia hutoki. Nimesema kwa sauti kubwa mno, watu wamegeuka. Sijali! Hatoki!

Jioni nimegombana na Alen. Anasema mfumo uko sahihi, kila mkulima aje mwenyewe na mzigo wake, ndivyo ulivyokubaliwa. Nimemuuliza nani aliyekubali, umewauliza wenye magunia? Kasema andika tu kwenye mwongozo kwamba lazima waje. Yaani! Eti niandike mwongozo wa kubadilisha mlima mzima ili kasanduku kake kadogo kwenye skrini kasisumbuliwe!

Nimempa sharti. Jumatatu anakwenda na mimi Lukozi. Na si kukaa ofisini.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani Mama Klara hakukaa na kwaya yake. Kakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Wimbo wa kuingia ulikuwa mwembamba, kila mtu aligeuka kumtafuta.

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa natunga ukurasa wa "Mzigo ukija bila mwenyewe".

Jumatatu, 21 Julai

Hahaaa! Siku tamu!

Nimemshusha Alen bondeni. Mpaka chini, mtoni, kwenye kabichi. Tumemkuta mama mmoja anaitwa Mwanahawa anafunga magunia kwa kitambaa cha njano. Alen kasalimia vizuri, kisha kamuuliza kwa nini asipeleke mwenyewe kituoni. Mwanahawa kamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini asiruke. Kasema, baba, hebu nisaidie hili moja mpaka barabarani, halafu tuongee.

Kabeba! Njia ile ya utelezi, ile inayopanda kama ngazi ya dari. Katikati kasimama, kavua jaketi. ALEN KAVUA JAKETI! Kalifunga kiunoni, kaendelea. Tulipofika juu kakaa juu ya gunia, jasho linamtoka puani. Mussa kaja na pikipiki, kapakia gunia la njano, la buluu na la madoadoa, kaondoka, hata hakuuliza jina la mtu.

Alen kavitazama vile vitambaa vinaishilia kwenye kona. Kasema polepole: mfumo umekosea.

Nilipiga kelele! Nilimkumbatia na jasho lake! Mwanahawa kule chini kadhani kuna nyoka.

Basi anaongeza visanduku viwili. "Mwenye mzigo" na "Aliyeleta". Meseji iende kwa mwenye mzigo. Kasema kesho kutwa itakuwa tayari.

Jumatano, 23 Julai

Iko tayari. Ni nzuri! Na mwongozo wangu wote umekufa.

Kwa sababu visanduku viwili vimesukuma kila kitu. Kilichokuwa kulia kiko chini. Kilichokuwa chini kimehamia ukurasa mwingine. Kila picha ya skrini niliyopiga ni ya uongo sasa. Kila! Nimeandika "upande wako wa kulia utaona", na upande wa kulia hakuna kitu, peupe.

Nimeanza upya. Picha zote upya. Steshenari nimefunga, nimebandika karatasi mlangoni: nipo, lakini sipo. Mteja mmoja kagonga kioo anataka kulaminetisha cheti, nimemwonyesha kwa ishara aje wiki ijayo.

Lakini sasa hivi naandika kwa furaha, si kwa uchovu. Kwa sababu toleo hili ni zuri kuliko lile! Lile niliandika nikimtazama Alen. Hili nimeandika nikimtazama Mama Klara. "Tazama kitambaa. Kwenye kisanduku cha juu, andika jina la nyumba yenye kitambaa hicho. Usiandike jina la bodaboda hapa, hata akikuchekesha." Na ile subiri nimeitengeneza: "Subiri mpaka uone maneno YAMEPOKELEWA. Ukiyaona, usisubiri tena, endelea."

Nimesoma kwa sauti kuanzia salamu mpaka mwisho. Nimeupenda. Najisifu, lakini hapa anasoma nani?

Alhamisi, 24 Julai

Nakala imefungwa springi! Jalada gumu la kijani! Nimeinusa.

Mussa kaipeleka Lukozi kifuani, ndani ya koti la mvua. Mama Klara kapiga simu alasiri. Kasema kaifunua, kaona picha ya kitambaa, kacheka peke yake. Kasema mchana kaenda kituoni kajaribu, mara ya kwanza kakwama, kasoma tena, kakwamuka. Mwenyewe! Halafu kasema ukurasa anaoupenda ni ule wa mwisho. Kaukariri. Nikamwambia mama, ule hutauhitaji. Kasema najua, lakini ukiwepo nalala.

Jioni nimemwambia Alen: kuanzia sasa usiguse kitu. Hata nukta. Hata rangi. Kilichoko kwenye kitabu ndicho kiwe kwenye skrini mpaka kesho jioni. Kasema sawa, sawa, huku macho yako kwenye kompyuta yake.

Kesho. Eh Mungu.

Ijumaa, 25 Julai

Niko kituoni. Mwenyekiti kasema niandike jinsi mtihani unavyokwenda, basi naandika humu humu, nitanakili baadaye. Nimekaa kwenye benchi la ukutani pamoja na Alen. Kamati imejipanga upande wa pili, wazee kwa akina mama, makoti na kanga za baridi. Mwenyekiti yuko katikati. Karudia sharti lake: kitabu tu. Atakayemsemesha Klara, kaharibu mtihani.

Mama Klara kaingia. Kavaa gauni la kwaya! Kakaa. Kavaa miwani. Kakifunua kitabu ukurasa wa kwanza, kakisoma kimya, halafu kasema kwa sauti, wazi kabisa:

"Marahaba."

Kamati nzima kicheko! Kakiitikia kitabu! Mzee Sharifu mwenyewe kajikohoza kuficha mdomo. Nampenda huyu mama, nampenda!

Kawasha. Vizuri. Kafungua Tenga. Vizuri. Kidole mstari kwa mstari. Pikipiki ya Mussa hiyo nje. Mussa kaingia na magunia matatu, kaambiwa asiseme kitu, na uso umemvimba kwa kujizuia. Gunia la kwanza, kitambaa cha njano. Mama Klara kafunua ukurasa wa "Mzigo ukija bila mwenyewe". Katazama kitambaa. Kaandika, herufi moja moja: MWANAHAWA. Kashuka kisanduku cha pili: MUSSA. Mzee mmoja wa kamati kanyanyuka kidogo kwenye kiti aone, kaketi, katikisa kichwa kwa kukubali. Tunapita! Tunapita jamani! Hatua ya mwisho tu sasa, Bonyeza Hifadhi, kitufe cha kijani, kipo kwenye picha, kikubwa, huwezi kukikosea

Kidole kimesimama.

Haoni. Anaangalia kitabu, anaangalia skrini. Kitabu, skrini.

Nimenyoosha shingo. Hakuna Hifadhi! Hakuna kitufe cha kijani! Pale kilipokuwa kuna kawingu. Kawingu kadogo keupe kenye kamshale. Nimemgeukia Alen. Kawa rangi ya majivu. Kaninong'oneza, asubuhi nilipiga apdeti ndogo, ni muundo tu, ndivyo mifumo ya kisasa inavyofanya, nilifikiri inapendeza zaidi.

Kawingu! Wiki nzima tumeishi ndani ya mawingu, nani atajua kwamba la kwenye skrini ndilo linalohifadhi kabichi!

Siwezi kusema. Nikisema nimeharibu. Alen katia ngumi mdomoni. Mwenyekiti katazama saa yake. Mama mmoja wa kamati kamnong'oneza mwenzake. Nimeuona uso wa Mama Klara, ule ule wa wiki iliyopita, nimeuharibu, Jeni, nimeuharibu? Usilibebe kosa hili, mama. Usilibebe. Si lako.

Katoa mkono kwenye mausi. Usibonyeze kitu — anafuata! Kapandisha kidole juu ya ukurasa, anasoma tena. Taratibu. Mdomo unatembea. Kafika pale pale. Katazama skrini mara nyingine.

Sasa anafunua. Anafunua mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho.

Kanyoosha mgongo. Anasoma kwa sauti, na si ile sauti ndogo, ni ile ya kwaya, imejaa chumba na kutoka nje mpaka kwenye pikipiki:

"Ukiona kitabu kinataja kitu na skrini haina kitu hicho, kosa si lako. Ni letu."

Kavua miwani, kamtazama Mwenyekiti usoni, akamalizia bila kuangalia kitabu:

"Mpigie aliyeandika."

Kafungua pochi. Kachukua simu. Mzee Sharifu kasema Klara, nilisema kitabu tu! Naye kasema, kwa heshima zote, Mwenyekiti, ndicho nilichofuata. Anabonyeza namba, moja moja, kidole kwenye ukurasa.

Simu yangu inaita. Mapajani kwangu, mlio ule wa kuku niliouweka kwa utani. Kamati nzima imegeuka. Mussa kacheka, kajiziba. Mwenyekiti kanyanyua mkono, kaniangalia, kaangalia kitabu, mkono uko juu bado, sijui ni wa kunikataza au wa kuniruhusu, na hata yeye nadhani hajui. Mama Klara kaweka simu sikioni, ametulia, anasubiri. Anajua anachosubiri.

Inaita bado. Naweka kalamu chini